Boksi Linajisifu, Kidole Kinapima: SSD 10 za Laptopu Nyembamba

Watengenezaji wa laptopu nyembamba za bei mbaya wana namba wanayoipenda kuliko zote: mwendo wa SSD. Huiandika kwa herufi nene, megabaiti elfu saba kwa sekunde, elfu kumi, elfu kumi na nne, na mnunuzi hutikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kisha huibeba mashine nyumbani akafungue faili la Excel.

Orodha hii inahesabu kurudi nyuma, kutoka 10 hadi 1, na haijali boksi limesema nini. Swali lake ni moja: mwenye mashine alihisi tofauti kiasi gani, iwe kwa raha au kwa karaha? Basi usishangae mbabe wa namba akiburuza mkia na mnyonge akaondoka na kombe. Kila unapoona MB hapa chini, soma megabaiti kwa sekunde. Tuanze na mwenye kelele nyingi.

10. SSD za PCIe 5.0: elfu kumi na nne za kwenda wapi?

PCIe ni barabara ya data kati ya SSD na chipu kuu, na SSD za kizazi chake cha 5.0 zimeshavuka MB 14,000 kwenye kusoma. Mwaka 2024 Intel ikatoa chipu za Core Ultra 200V, zilizotengenezwa mahususi kwa laptopu nyembamba, zikiwa na njia nne za PCIe 5.0. Mlango uko wazi. Kazi ni kumpata mgeni wa kupita.

Kwanza, joto. SSD ya namna hii ikikazwa hupata moto, na ndani ya kava lenye unene wa sentimita moja na nusu hakuna pa kuweka bonge la chuma la kuipoza. Ikichemka, kidhibiti chake hupunguza mwendo chenyewe kisiungue. Umelipia elfu kumi na nne, ukapewa sekunde chache za elfu kumi na nne.

Pili, na hili ndilo litakalotufuata hadi mwisho: namba ya boksi hupimwa kwa faili moja kubwa linalosomwa mfululizo. Kompyuta yako haifanyi kazi hiyo mara nyingi. Kuiwasha, kufungua programu, kutafuta barua pepe ya mwezi uliopita, yote hayo ni maelfu ya vipande vya kilobaiti 4 vilivyotawanyika kila kona. Lori linalomwaga mchanga mahali pamoja si bodaboda inayopeleka vifurushi nyumba kwa nyumba, na boksi linakutangazia ukubwa wa lori. Kwenye kazi ya vifurushi, SSD nzuri husoma kati ya MB 40 na 100 hivi, na kizazi cha PCIe hakibadilishi sana hesabu hiyo.

Penye miti hakuna wajenzi: mwendo umejaa, wa kuutumia hayupo.

Kilichohisiwa: joto mapajani.

9. MacBook Air ya 2019: theluthi iliyoyeyuka kimya kimya

Julai 2019 Apple ilishusha bei ya MacBook Air kutoka dola 1,199 hadi 1,099, ikaongeza skrini inayojirekebisha rangi kulingana na mwanga wa chumba. Wengi wakapiga makofi. Tovuti moja ya Ufaransa, Consomac, ikaamua kupima SSD kwanza. Air ya 2018 ilikuwa inasoma karibu GB 2 kwa sekunde. Ya 2019 ilisoma karibu GB 1.3. Kuandika kulipanda kidogo, lakini kusoma kulikuwa kumepoteza theluthi nzima.

Kelele zikapanda. Hebu tuzipige hesabu hizo kelele. Faili la megabaiti 500 kwenye mashine ya 2018 lingesomwa kwa robo sekunde. Kwenye ya 2019, kwa sekunde 0.38. Tofauti yake ni ndogo kuliko muda wa kupepesa jicho.

“Lakini nimeibiwa!” Umeibiwa nini? “Sehemu ya kumi ya sekunde!” Na ukarudishiwa? “Dola mia.” Sasa kaa chini, mheshimiwa, unywe chai.

Funzo lipo hata hivyo. Jina la laptopu likibaki lilelile na umbo lilelile, haimaanishi kilichomo ndani hakikuguswa.

Kilichohisiwa: hasira, baada ya kusoma habari.

8. MacBook Pro ya inchi 14, 2021: mbio za farasi ndani ya chumba cha wageni

Oktoba 2021 Apple ilitoa MacBook Pro zenye chipu za M1 Pro na M1 Max, ikatangaza SSD inayofika GB 7.4 kwa sekunde. Ndani ya mwili wa milimita 15.5! Wengine wengi walikuwa bado wanasherehekea tatu na nusu.

Nani aliihitaji? Wahariri wa video, utajibiwa haraka. Sawa, tuwaite. Video ya 4K ya ProRes 422 HQ, ule mfumo mzito wa watu wa filamu, hula karibu MB 110 ikiwa ya fremu 30 kwa sekunde. Kwa GB 7.4 ungeweza, kwa hesabu ya karatasi, kusoma mikondo zaidi ya 60 kwa mpigo. Kama unahariri harusi yenye kamera 60, hongera sana, na wape pole maharusi.

Kuna utani mtamu zaidi pembeni ya mashine hiyohiyo. Apple iliirudishia tundu la kadi ya SD, na wapiga picha wakashukuru. Tundu hilo ni la kadi za UHS-II, zenye kikomo cha MB 312. Maana yake, picha zako zikitoka kwenye kamera zitaingia kwa mwendo wa kadi, na ile SSD ya elfu saba itakuwa imekaa mkono shavuni ikingoja. Kunakili kuna ncha mbili, na mwendo huamuliwa na ncha iliyo goigoi.

Kwa mtu wa filamu ndefu na faili za makumi ya gigabaiti, mashine hii ilikuwa neema kweli, ndiyo maana haikukaa namba 10.

Kilichohisiwa: fahari ya picha ya skrini uliyowatumia rafiki zako.

7. ThinkPad X1 Carbon ya 2016: mapacha wasiofanana tabia

Sasa tuingie mtumbani. Laptopu za ofisi za Ulaya na Marekani zikishatimiza miaka yake huuzwa kwa jumla, na nyingi huishia kwenye maduka ya Nairobi na Dar es Salaam. ThinkPad X1 Carbon ni mojawapo ya zinazogombewa: nyembamba, nyepesi, kibodi tamu.

Kizazi chake cha nne, cha 2016, kilitoka kiwandani na SSD za aina mbili: ya SATA, njia ya zamani inayogonga dari karibu MB 550, na ya NVMe, inayotumia PCIe na kupita hata MB 1,500. Zote za umbo la M.2, zote zinaonekana kama kipande cha chingamu kilichobandikwa chipu. Muuzaji atakwambia, “Ina SSD, bosi,” naye hakudanganyi. Hata ukimuuliza ipi, jibu lake litakuwa lilelile, kwa sauti ya juu zaidi.

Je, tofauti ya mara tatu inahisiwa? Kwa kunakili filamu, ndiyo. Kwa kuandika ripoti na kufungua kurasa ishirini za intaneti, ni vigumu kuwatofautisha mapacha hawa ukiwa umefumba macho.

Kuna breki nyingine isiyoonekana: usimbaji wa BitLocker. Mwaka 2023 jarida la Tom's Hardware lilipima BitLocker ya kiprogramu kwenye Windows 11 Pro, likakuta inaweza kupunguza utendaji wa SSD hadi asilimia 45 kwenye baadhi ya vipimo. Usiizime kwa sababu hiyo, hasa kama laptopu hupanda nayo daladala. Ila ujue namba zako zimekwenda wapi.

Sifa kubwa ya X1 Carbon ni bisibisi: fungua, chomoa, weka nyingine. Dell XPS 13 ya 2022, ile 9315, ina SSD iliyolehemiwa kwenye bodi. Uliyonunua ndiyo utakayozeeka nayo.

Kilichohisiwa: uhuru wa kubadili, kuliko mwendo wenyewe.

6. Optane H10, 2019: mwanafunzi bora aliyefukuzwa shule

Julai 2015 Intel na Micron walitangaza 3D XPoint, memori ambayo, kwa maneno yao, ingekuwa na mwendo mara 1,000 ya NAND, ile iliyomo ndani ya SSD zote za kawaida. Dunia ikakaa mkao wa kula. Miaka minne baadaye chakula kikaletwa kwenye laptopu nyembamba, mfano HP Spectre x360: kipande kimoja cha M.2 kinachoitwa Optane H10, chenye GB 32 za hiyo memori mpya na GB 512 za NAND ya QLC.

Wazo lilikuwa zuri ajabu. Optane ilikuwa bingwa wa vile vipande vya kilobaiti 4, mara kadhaa kuliko SSD za kawaida. Vitu unavyofungua kila siku vikae humo, mizigo mingine ikae kwenye QLC. Hatimaye mtu alikuwa amepima kile ambacho kidole kinahisi!

Kisha hesabu ikaharibika. QLC hubana biti nne kwenye seli moja, kwa hiyo ni ya bei nafuu lakini mvivu wa kuandika. Huficha uvivu huo kwa kutenga sehemu ya haraka mbele. Sehemu hiyo ikijaa, mwendo huporomoka hadi karibu MB 100, yaani umerudi enzi za diski ngumu. Juu ya hapo H10 ilihitaji programu maalumu ya Intel kuunganisha pande mbili. Ukiweka Windows upya bila kuelewa, unajikuta na diski mbili zisizosalimiana.

Mwaka 2021 Micron ikajitoa. Julai 2022 Intel nayo ikatangaza kuifunga biashara ya Optane.

Kilichohisiwa: tofauti ya kweli, kwa wachache, kwa muda mfupi. Marehemu alikuwa mtu mwema.

5. MacBook Air ya 2013: SATA yaagwa, betri yachukua sifa

SATA ya tatu haiwezi kupita MB 600 hata ikisukumwa na upepo. Juni 2013 Apple ikaiacha kando na kuweka SSD ya PCIe kwenye MacBook Air. Vipimo vikasoma karibu MB 800. Mwezi huohuo Sony ikaleta VAIO Pro 13, ya uzito wa kilo moja na ushee, ikiwa na uwezo wa kufungwa SSD ya PCIe pia.

Sony haikuwa mgeni wa vituko hivi. VAIO Z yake ya 2010 ilipanga SSD nne pamoja zifanye kazi kama moja, wakati majirani zake walikuwa bado wanabembeleza diski inayozunguka. Bei yake ilikuwa ya kukufanya ukumbuke madeni yote.

Turudi kwa Air. Mwendo umepanda, dari limevunjwa, historia imeandikwa. Wenye nayo wakasifu nini? Betri! Chipu mpya za Intel za kizazi cha Haswell ziliifikisha ya inchi 13 kwenye saa 12, kwa ahadi ya Apple, kutoka saa 7 za mtangulizi wake. SSD ikafanya kazi yote ngumu, betri ikapokea maua jukwaani.

Inapewa namba 5 kwa sababu ilifungua njia. Kila NVMe unayoisikia leo hupita kwenye barabara hii ya PCIe.

Kilichohisiwa: umeme ukikatika, mtu anaendelea na kazi hadi jioni.

4. Zenbook UX31 na MacBook Air za 2011: karibu kwenye bahati nasibu

Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, gunia lenyewe likiwa la alumini iliyong'arishwa.

Asus ilitoa Zenbook UX31, moja ya Ultrabook za mwanzo kabisa. Ndani yake unaweza kukuta SSD ya ADATA yenye kidhibiti cha SandForce, au SanDisk U100, iliyokuwa nyuma hasa kwenye kuandika. Bei ileile, boksi lilelile, jina lilelile. Aliyepata ADATA alisifu Asus, aliyepata SanDisk alimsikiliza.

Apple nayo, kwa Air za Julai mwaka huo, ilinunua SSD kutoka Samsung na kutoka Toshiba. Ya Samsung ilisoma karibu MB 250, ya Toshiba karibu 200. Wajanja wakagundua siri: ukifungua taarifa za mfumo, jina la SSD likiwa na herufi SM umebahatika, likiwa na TS, subira yavuta heri. Wapo waliokuwa wakifungua laptopu mpya na kuangalia herufi mbili hizo kabla hata ya kuangalia kama skrini inawaka.

Watetezi nao hawakukosa. “Toshiba ni tulivu zaidi.” Akipenda, chongo huita kengeza.

Desturi hii haijaisha. Kampuni nyingi hununua SSD kutoka kwa wauzaji kadhaa, kwa hiyo kipimo ulichosoma kwenye gazeti ni cha mashine ya mwandishi, na yako inaweza kuwa na tabia zake.

Kilichohisiwa: wivu, moja kwa moja, kuelekea kwa mwenzako wa dawati la pili.

3. MacBook Air ya M2, 2022: chipu moja imebeba nyumba

SSD ni chipu nyingi zinazosomwa kwa pamoja. Chipu mbili, mikono miwili. Chipu moja, mkono mmoja. Ndiyo maana kwenye laptopu ileile, yenye uhifadhi mdogo mara nyingi ndiyo yenye mwendo mdogo.

Air ya M1 ya 2020, hata ya GB 256, ilikuwa na chipu mbili na ilisoma karibu MB 2,900. Julai 2022 ikaja ya M2, kwa bei ya kuanzia dola 1,199, sura mpya, rangi ya usiku wa manane. Waliofungua ile ya GB 256 wakakuta chipu moja peke yake. Vipimo vikasoma karibu MB 1,450. Nusu! Apple ikajibu kwamba chipu mpya ni kubwa zaidi kwa ujazo, kwamba vipimo vya namna hiyo vinaweza kuonyesha tofauti, na kwamba kwa kazi halisi M2 bado ina kasi kuliko M1.

Hapo juu nilimwambia mwenye Air ya 2019 akanywe chai. Huyu wa 2022 simwambii hivyo. Mashine yake ilikuja na RAM ya GB 8. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia mizigo kwenye SSD na kuirudisha, huku na huko, kutwa nzima. Ukiwa na mwendo wa nusu, kila safari inaonekana: unabadili dirisha, gurudumu la rangi linazunguka, unajifanya unafikiri. Waliopima kwa kufungua programu nyingi kwa pamoja waliona M1 kuukuu ikiipita M2 mpya.

Machi 2024 Air ya M3 ikarudisha chipu mbili kwenye GB 256. Oktoba mwaka huo Apple ikapandisha RAM ya chini ya Air hadi GB 16 bila kuongeza bei, na dawa hiyo ya pili ndiyo iliyotibu zaidi.

Kilichohisiwa: dola 200 za kwenda kwenye GB 512, zilizokuwa zikidharauliwa, zikaonekana za maana.

2. Acer Aspire S3, 2011: kuamka upesi, kutembea taratibu

Mei 2011, kwenye maonyesho ya Computex mjini Taipei, Intel ilitangaza Ultrabook: laptopu nyembamba, ya kuamka papo hapo, chini ya dola 1,000. Shida ni kwamba SSD ya maana mwaka huo ilikuwa inakula sehemu nene ya hizo dola.

Acer ikapata akili. Aspire S3, iliyoonyeshwa Berlin Septemba mwaka huo na kuuzwa Marekani kwa dola 899, ilikuja na diski ngumu ya GB 320 pamoja na kipande cha SSD cha GB 20. Hicho kidogo kazi yake kubwa ilikuwa kutunza kilichokuwa kwenye RAM mashine inapolala. Inua kifuniko, na sekunde chache tu imeamka. Dukani ilikuwa uchawi mtupu. Muuzaji anafunga, anafungua, anafunga, anafungua, mteja anatoa pochi.

Nyumbani mteja akabofya ikoni ya kivinjari. Krrr, krrr, krrr. Windows na programu zake zilikuwa zinakaa kwenye ile diski inayozunguka, kwa hiyo baada ya kuamka kwa mbwembwe, mashine ilipiga miayo.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilitembezwa kwa kufungwa na kufunguliwa kifuniko. Hakuna SSD kwenye orodha hii iliyofundisha somo kwa uchungu kama hii: neno SSD linaweza kuandikwa kwenye boksi bila kuwepo pale panapohitajika.

Kilichohisiwa: yote. Kila siku. Kwa sauti.

1. MacBook Air, kutoka 2008 hadi 2010: bingwa wa MB 200

Januari 2008 Steve Jobs aliitoa MacBook Air ndani ya bahasha ya karatasi, ukumbi ukalipuka. Kilichokuwa ndani ya laptopu hakikustahili shangwe hizo: diski ngumu ya GB 80 inayozunguka mara 4,200 kwa dakika. Piga hesabu: mzunguko mmoja ni milisekunde 14, na kichwa cha kusomea nacho kina safari yake ya kwenda kwenye mstari sahihi. Kwa vipande vya kilobaiti 4 vilivyotawanyika, diski ya namna hiyo haifikishi hata MB 1. Haifikishi moja! Jipu lako la subira lilikuwa limeiva kabla Word haijafunguka.

Dawa ilikuwepo. SSD ya GB 64, kwa nyongeza ya dola 999. Ukichagua na chipu ya kasi zaidi, mashine ilifika dola 3,098. Watu walitazama bei hiyo kwa heshima, kutoka mbali.

Oktoba 2010 Apple ikaleta Air mpya. Diski ngumu haikuwemo hata kwa kuagiza. Zote zilikuwa na SSD. Ya inchi 11, yenye GB 64, iliuzwa dola 999. Soma tena polepole: bei ya nyongeza ya SSD ya 2008 ilikuwa imegeuka bei ya laptopu nzima, SSD yake ikiwa ndani.

Na ilikuwa laptopu dhaifu, tusifichane. Chipu ya Core 2 Duo ya 1.4 GHz, teknolojia iliyokwishapitwa. RAM ya GB 2. SSD yenyewe, karibu MB 200, ambazo leo hata flashi nzuri ya USB inazipita. Lakini ukigusa, inaitika. Ukiinua kifuniko, iko tayari. Waliotoka kwenye laptopu zenye chipu kubwa na diski inayozunguka walidhani wamepewa kompyuta ya kesho kutwa. Siri ilikuwa pale chini: muda wa kungoja kipande kimoja ulikuwa umeshuka kutoka milisekunde zaidi ya 10 hadi sehemu ya kumi ya milisekunde hivi. Hiyo ni mara mia, kwenye kazi ileile ambayo kompyuta huifanya kutwa.

Kutoka 200 hadi 14,000 ni mara 70 kwa namba. Kutoka diski inayozunguka hadi hiyo 200 ndiko maisha yalikobadilika. Baada ya hapo tumekuwa tukiongeza sukari kwenye chai iliyokwisha kuwa tamu.

Kilichohisiwa: kila kitu, kuanzia dakika ya kwanza.

Ukienda dukani

Kama laptopu ni ya Windows, omba kuendesha CrystalDiskMark, programu ya bure. Usidanganywe na mstari wa juu; huo ndio wa boksi. Shuka hadi wa chini kabisa, RND4K Q1T1, usome safu ya kusoma. Ukikuta 40 kwenda juu, SSD hiyo haitakuudhi. Ukikuta chini ya 1, kuna diski ngumu humo, hata muuzaji aape kwa jina la bibi yake. Kwa Mac ipo Blackmagic Disk Speed Test, nayo ni ya bure, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa video: hupima lori tu.

Kati ya GB 256 ya mwendo mkali na GB 512 ya mwendo wa wastani, chukua 512, kwa sababu SSD iliyojaa pomoni hupoteza mwendo hata iwe ya mfalme. Kati ya SSD ya PCIe 5.0 yenye RAM ya GB 8 na ya PCIe 3.0 yenye RAM ya GB 16, chukua ya pili na usigeuke nyuma. Kama SSD imelehemiwa kwenye bodi, nunua ujazo wa miaka mitano ijayo, maana fundi hatakusaidia.

Na kama laptopu uliyonayo bado ina diski inayozunguka, acha kuonea wivu elfu kumi na nne za jirani. Mpelekee fundi aitoe na kufunga SSD ya SATA ya bei ya chini. Hakuna kingine kwenye orodha hii kitakachokupa mwendo mwingi kwa fedha kidogo namna hiyo.